Gari Limepanda

Benchi la kijiwe cha Hemedy, jirani na stendi ya Kibiti, lilikuwa zamani kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa. Sponji limelika, vyuma vimebaki, na kila aketiye hapo amekwisha jifunza upande gani akae asichomwe. Baada ya swala ya alasiri hawakosekani watu watatu: Hemedy mwenyewe, muuza kahawa, jiko la mkaa miguuni na birika mkononi; Twalha, aliyepata kulinda geti la kambi ya wajenzi wa daraja, na tangu hapo akaitwa Mhandisi; na Idrisa, ambaye hata kashata haombi mpaka asimame atoe hoja, kwa hiyo jina lake ni Bungeni. Siku hiyo aliongezeka wa nne, Kibwana wa Mbwara. Alikaa pembeni, kahawa imempoa kiganjani, macho hayabanduki kwenye pikapu yake iliyosimama mbele ya gereji ya jirani. Iliingia humo gari la kawaida. Imetoka imepanda juu ya matairi mapana yenye meno, magurudumu yamechomoza nje ya bodi, na tumbo limeinuka hata mbuzi wawili walikuwa wakipita chini yake bila kuinamisha pembe.

– Mhandisi, tueleze sisi ambao hatukulinda mageti, alianza Bungeni. Kile chuma cha mviringo kilichowekwa nyuma ya rimu kinaitwaje?

– Spesa.

– Na kazi yake?

– Kulitoa gurudumu nje. Tairi kubwa ukilifunga palepale pa zamani, ukikata kona linalamba springi. Ukiweka spesa linasogea nje, halilambi.

– Likisogea nje likalamba madigadi?

– Ndipo unainua bodi.

– Haya! Tairi limeomba spesa, spesa imeomba bodi iinuke. Kibwana, hili ni gari au umeoa mke wa pili?

Wakacheka. Kibwana alitabasamu kwa adabu tu. Hakuwa na moyo wa kuwaeleza upya jambo ambalo kila mmoja wao alilijua, na ambalo kwa kumstahi hawakulitaja. Masika iliyopita pikapu hiihii ilikaa tumbo kwenye tope jeusi la njia ya Mbwara, magurudumu yanazunguka hayashiki kitu, na mkewe Habiba amelala nyuma, juu ya turubai, uchungu umemkaza. Mtoto alizaliwa palepale. Alilia mara moja. Trekta lilipofika kulivuta gari, hapakuwa tena na haja ya haraka. Sasa Habiba ni mjamzito tena, na siku zake zinaangukia masika. Tangu mimba ilipojulikana Kibwana hakuwa na neno jingine kinywani: gari lipande, gari lipande. Leo limepanda.

– Mimi nasema halitaanguka, Mhandisi aliendelea, hata kama hakuna aliyesema litaanguka. Mtu akisimama kwenye mtumbwi hufanyaje? Huachanisha miguu. Spesa ni gari limeachanisha miguu.

– Na nati je? Hemedy aliuliza huku akimimina. Gurudumu zima linaning'inia kwenye nati.

– Daraja la Mkapa limesimama kwa nini, kama si nati? Niliziona kwa macho yangu.

– Uliliona geti, bwana wee.

– Geti nalo lilikuwa na nati!

Hemedy alitua birika juu ya jiko. Yeye ni mtu wa mabondeni, na hoja zake zote hupitia mtoni.

– Nitawauliza jambo moja. Nani anapita kwenye tope kuliko kiboko? Hakuna. Na kiboko ana mguu mfupi, tumbo chini. Sasa kama kuinuka ndiko kupita, mbona kiboko hakuumbwa na miguu ya twiga?

– Kiboko anapita kwa unene, alisema Mhandisi. Ndiyo maana ya tairi pana. Lina upepo ndani, upepo mwingi kuliko tope. Likifika mahali pa hatari linaelea. Kibwana akizoea, atapita juu ya mto mpaka visiwani akapakie kaa.

– Basi trafiki hawamwezi tena. Atadaiwa leseni ya boti.

– Taarifa! Bungeni alikwisha simama, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeshika ukosi. Ndugu zangu, ninyi mnatazama tairi, mimi natazama nchi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dogo. Kweli si kweli?

– Kweli.

– Mita ya gari inahesabu mizunguko. Kweli si kweli?

– Kweli, Mheshimiwa.

– Kwa hiyo Kibwana akitoka hapa mpaka Mbwara, mita itasema njia imekuwa fupi. Akija mtaalamu na kalamu yake ataandika: barabara ya Mbwara imepungua. Na ikipungua, bajeti nayo inapungua! Hamwoni? Tulisema barabara iinuliwe. Wakaja, wakapima, wakala samaki wetu, wakaondoka. Barabara iko palepale, sisi tumeinua gari. Sasa watasema, mbona magari yanapita? Mwakani tope litapanda, tutainua tena. Mwisho wake tutakuwa tunaendesha tukiwa juu ya minazi, na chini bado ni matope!

Safari hii hakuna aliyecheka upesi. Maneno yale yalikuwa ya mzaha, lakini yalimpiga Kibwana mahali penye kidonda. Aliikumbuka mikutano yote ya kuomba barabara, viti vya kuazima, ahadi zilizosomwa kwa kipaza sauti. Akanywa kahawa yake ya baridi mpaka masimbi ya chini, akauma meno.

Bungeni, kwa kuona hawacheki, alitafuta kicheko cha haraka. Alivuka mfereji, akaenda kusimama ubavuni mwa pikapu, akaegemeza bega lake kwenye ukingo wa bodi ya nyuma.

– Tazameni! Limekuja sawasawa na bega. Kipimo cha haki kabisa! Sasa siku ya mazishi hatuinami tena, hatuchuchumai. Jeneza linatoka begani linaingia lenyewe, kama limeagiza!

Hemedy na Mhandisi walicheka mpaka kashata ikawapalia. Kibwana alikiinamia kikombe kitupu. Mtoto wake hakubebwa kwa jeneza. Alimpakata mwenyewe kwenye mikono miwili, ndani ya kipande cha sanda, na mikono haikuchoka. Alikuwa mwepesi mno.

– Jamani, Bungeni, Hemedy alisema kwa sauti ya chini, akili zilipomrudia.

Bungeni akarudi kwenye benchi.

Ndipo Habiba akatokea upande wa kliniki, mtandio umemlowa jasho, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mfuko wa dawa. Asubuhi alikuja kwa bodaboda, akiwa amekaa upande. Jioni, aliahidiwa, angerudi kwa gari lake.

– Asalaam aleikum.

– Waaleikum salaam, shemeji! walijibu wote, wakainuka nusu. Karibu uone mambo!

– Hali yako, mke wangu? Wamesemaje?

– Wamesema tuko salama, inshallah. Wamesema nisingoje uchungu unizidie, uanzapo tu nije.

Kibwana alisimama. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulifunguka. Alimtangulia, akafukuza mbuzi, akaufungua mlango wa mbele kama afunguaye nyumba mpya.

– Haya. Tope la Mbwara likuone sasa.

Habiba alisogea. Sakafu ya gari ilimfika kifuani. Aliinua mguu kwa mazoea, kukitafuta kibao cha kukanyagia, kile cha chuma chenye vijitundu kilichokuwa chini ya mlango. Mguu ukakanyaga hewa. Akaushusha, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu, akatazama.

– Kibao kiko wapi?

Kibwana naye alitazama. Palikuwa na alama mbili za chuma kilichokatwa, bado zinang'aa. Akamkumbuka fundi, akiwa na msumeno, akimwambia kwamba tairi jipya linakigusa kibao. Na akajisikia mwenyewe akijibu, bila hata kugeuka, kwa kuwa wakati huo alikuwa akiyastaajabia matairi: kata.

– Kilikuwa kinaguswa na tairi, alisema.

– Ahaa. Na mimi nitapandaje?

– Shemeji, hilo dogo! Mhandisi alidakia toka kwenye benchi. Hemedy, lete kigoda chako. Kigoda tu, shemeji, unapanda kama ngazi za msikiti.

– Leo nitapanda kwa kigoda, kaka Twalha, hapa ni pakavu. Masika uani kwangu tope linafika magotini. Kigoda utakisimamisha juu ya nini?

Mhandisi alifikiri. Spesa, nati, upepo wa tairi, hakuna kilichomsaidia.

– Atakuinua mumeo.

– Mume wangu na mgongo wake huo mbovu? Na mimi nimeshikwa na uchungu, sitaki hata kuguswa?

– Basi majirani, alisema Mhandisi, sasa amepata njia, sauti ikimpanda. Majirani wapo! Vijana watakuja na kitanda cha kamba. Wanakulaza juu yake, wanakishika pembe nne, wanakuinua mpaka mabegani, wanakupeleka taratibu mpaka kwenye bodi, kisha...

Macho yake yakaangukia ukingo wa bodi, pale Bungeni alipoegemeza bega.

Habiba hakuwa ameusikia mzaha wa jeneza. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akingoja kama mtu aulizaye njia kwa wenyeji.

– Kisha? aliuliza.

Hemedy aliinamisha birika juu ya kikombe cha kumkaribisha Habiba. Likatoa masimbi tu. Kibwana alikuwa ameushika mlango uliofunguliwa, haufungi wala hauachi. Na Bungeni, aliyekuwa na hoja juu ya kila jambo, aligundua kuwa vumbi la bodi limembakia begani, akaanza kulipangusa kwa kiganja, akalipangusa tena, wala halikutoka.