Mama Haumwi

Kwenye basi, mbele yangu walikaa fundi cherehani na mpiga pasi wa duka lao. Fundi akasema, "Leo naacha kazi, shoga. Nitamwambia bosi mama anaumwa." Mwenzake akacheka. "Sema ukweli, ni wivu. Tangu wateja waanze kumuulizia yule binti uliyemfundisha, hulali." "Wivu, mimi? Pindo lenyewe hajui kukunja!" Mimi nisiye na kazi ya kuacha niliwaonea wivu wote watatu.

"Halafu mama yako si juzi tu alikuja dukani kupimwa gauni, buheri wa afya?"

Fundi alitazama dirishani. "Alikuja. Akasema ashonewe na binti."

Basi likasimama. Fundi akashuka na mwenzake kuelekea dukani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.