Marehemu Muhdhar bin Gharib na Nyanya Aliyemtafuta Miaka Mitano

Tumekusanyika leo, Jumatano, 16 Juni 1948, kwa hitma ya ndugu yangu Muhdhar bin Gharib. Haya ni maisha yake kama nilivyoyaona mimi, mdogo wake. Nitasema kweli, maana alinichosha akiwa hai na mpaka leo bado ananichosha.

Alizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, tarehe 9 Februari 1891. Tarehe hii tunayo kwa sababu baba yetu aliiandika. Babu yetu hakuwa na taabu hiyo. Kama wazee wa zama zake, aliuita mwaka kwa siku ya juma iliyoufungua: mwaka wa Jumatatu, mwaka wa Jumanne, mpaka siku saba ziishe zianze upya. Katika msahafu wa nyumbani aliandika kwamba alimuoa Mwanaesha mwaka wa Jumanne, basi. Si jina la baba wa bibi harusi, si mji wake. Na mwaka wa Jumanne hurudi kila baada ya miaka saba.

Marehemu alihitimu chuoni akiwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja mwalimu aliruka aya akisoma, naye akamwambia. Alichapwa, na alikuwa amesema kweli.

Tangu 1908 alifanya kazi ya kutia majalada misahafu, dukani kwake Mkanyageni. Watu walimletea misahafu ya jadi, kurasa za mwanzo zimeandikwa ndoa za ukoo na watoto waliozaliwa. Alizisoma zote, hata zisizomhusu.

Alimuoa Bi Nana mwaka 1919, wakajaaliwa binti mmoja, Sheikha. Mwaka 1943 Mbwana, karani wa gatini Mbaraki, alileta posa. Tukinywa kahawa, babake Mbwana aliuliza, "Na nyanyako Bi Mwanaesha alikuwa wa kwa nani?" Lilikuwa swali la kupitisha kahawa tu. Marehemu akajibu, "Ningojeani, ntawaletea nasaba yake kwa maandishi." Posa ikangoja miaka mitano.

Alizunguka nyumba za watu akiomba misahafu, na kila mtu akauficha wake kana kwamba ataula. Alipompata Mwanaesha aliyeolewa mwaka wa Jumanne, akakuta mumewe si babu yetu, alirudi nyuma miaka saba akaanza tena. Sheikha alimwuliza mbele yangu, "Baba, kwani wataka kina nyanya wangapi?"

"Mmoja tu, mwanangu. Lakini awe ndiye."

Mwezi uliopita alisikia kuna msahafu Malindi. Akakaa Mwembe Tayari kutwa nzima, mvua ikimpiga, akingoja lori ambalo halikuja. Alirudi na kifua. Tulimsihi aende hospitali, akasema ana karatasi ya kusoma. Alifariki Jumatatu, 14 Juni, alfajiri, tukamzika baada ya alasiri.

Jana niliutoa msahafu wa nyumbani kwa ajili ya hitma, nikaona ubao mmoja wa jalada ni mnene kuliko wa pili. Ile ni kazi ya mkono wake. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na hati ya Mwanaesha: jina lake la kwanza Chonga, alinunuliwa akiwa mtoto, bwana wake akamwacha huru, na babu yetu akamuoa. Pembeni, kwa mwandiko wa marehemu: "Nimeiona, 3 Machi 1944." Yaani alimjua nyanya yake miaka minne, akamfungia ndani ya jalada kwa gundi, akaenda kutafuta mwingine. Nimemkasirikia sana, na nimemlilia.

Leo asubuhi nilimpelekea hati babake Mbwana. Aliisoma yote, akaniuliza, "Mimi niliyauliza haya lini?"

Kwa sharia, walii wa Sheikha sasa ni mimi. Nikaha itafungwa Ijumaa, 25 Juni, kabla ya mfungo, bila ngoma. Asiyemtaka mjukuu wa mtoto wa Chonga asije kula pilau.

Marehemu ameacha mjane, Bi Nana, binti, Sheikha, na mdogo wake, Jamaldin. Alipenda watoto wadogo kuliko sisi sote, na hapa ndipo ningewasomea majina ya wajukuu zake. Hana hata mmoja. Mola amsamehe, ampe mapumziko mema.