Pembetatu Kwenye Msalaba

Ndani ya teksi ya Probox iendayo Jilore, msalaba wa mti ulilazwa mapajani mwetu sote watatu wa kiti cha nyuma. Damaris, abiria mwenzangu wa dirishani, aliuchonga mwenyewe kwa ajili ya kaburi la babake, aliyekuwa akizikwa siku hiyo. Mama aliyekaa katikati alipapasa safu ya pembetatu zilizochongwa juu yake. "Hiki ni kigango, mwanangu. Mambo ya mizimu. Mchungaji hatauombea."

"Baba alikuwa mzee wa kanisa, mama. Na viti vyetu alivichonga hivihivi."

"Michoro hii yote ni ya mizimu." Yote ni neno kubwa. Leso aliyojifunga yeye mwenyewe ilijaa pembetatu.

"Na kayamba je? Kanisani kwenu haipigwi?" nikamuuliza.

"Hupigwa. Zamani tuliikataa, tukasema ya pepo. Lakini kayamba haisimamishwi kaburini."

Hapo alikuwa na hoja. Kigango ni nguzo yenye michoro kama hiyo, ambayo kwa mila ya huko husimamishiwa wazee waliofariki.

"Basi mchungaji akiukataa, baba azikwe bila msalaba?" Damaris aliuliza.

Gari liliposimama, mchungaji alikuwa tayari langoni mwa boma la marehemu. Mama yule akamsaidia Damaris kuuteremsha msalaba, akiushika mahali pasipochongwa.