Mtu wa Mwisho kwenye Kamba

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo shikamooni, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima huu leo Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, kuja kumsindikiza Dainess, Bwana Yesu asifiwe. Kwa wasionifahamu, naitwa Filemon Godlove, mdogo wake marehemu Herbert, na Herbert ndiye aliyekuwa mume wa Dainess, kwa hiyo huyu aliyelala hapa mbele yetu ni shemeji yangu, nami nimepewa kazi ya kusoma historia yake. Mkononi nina karatasi mbili. Moja iliandikwa jana saa kumi kwenye kikao cha ukoo, ni fupi, safi, haina doa, na nyingine nimeiandika kwa mkono wangu, na Mzee Athanas, mwenyekiti wa kikao, aliyekaa pale kwenye kiti cha kwanza, anajua ni ipi niliyoagizwa kusoma. Hiyo naikunja, naitia mfukoni. Mzee, nitakukosea mbele za watu na nitakuja kwako kwa adabu baadaye, lakini marehemu aliniomba mambo mawili nikamkubalia yote mawili, la kwanza ndilo hili la kusoma, na la pili mtalisikia, na jana kikao kilikataa hilo la pili.

Dainess Ezra Ntandu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Ilongero, mkoani Singida, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Ezra Ntandu na mama Martha, ambao mwaka 1974 walihamia kwenye mashamba ya miwa kusini mwa mji wa Moshi, baba akakata miwa na mama akauza maandazi. Alisoma shule ya msingi ya huko mashambani kuanzia mwaka 1976 hadi 1982 alipomaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari kwa kuwa nafasi zilikuwa za kuhesabika, na mwaka 1984 na 1985 akajifunza kushona nguo pale Bomang'ombe, ambako mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ni binti mtulivu na mtiifu. Cheti hicho kipo, nimekiona, na neno hilo mtiifu limepigiwa mstari.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na kaka yangu Herbert, fundi wa mitambo kiwandani, wakajaliwa watoto wawili, Beatha aliyezaliwa mwaka 1992 na Daniel aliyezaliwa mwaka 1995, wote mnawaona hapa. Karatasi ya kikao inasema kwamba familia ilimpokea kwa furaha. Si kweli, ndugu zangu. Tulimpokea kwa mdomo tu, maana kwetu sisi alikuwa chasaka, mtu wa kuja, na neno hilo tulilisema akiwa chumba cha pili akisikia, na kila Krismasi walipokuja hapa kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, alipika yeye, akapakua yeye, kisha akala amesimama jikoni, na kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemvutia kiti. Nami nilikuwepo, nilikuwa nakula nyama.

Kaka Herbert alifariki tarehe 3 Oktoba 2009 kwa shinikizo la damu, tukamzika hapa chini ya migomba, na Dainess akaja kuishi kwenye nyumba hii, kwenye sehemu ya kihamba ambayo baba yetu mzee Godlove alimgawia Herbert, na mwezi Januari 2010 akaajiriwa kuwa mpishi katika shule ya sekondari ya bweni pale Bomang'ombe, akawa anashuka alfajiri na kupanda jioni. Mjane, chasaka, hana kaka wa karibu wa kumsemea. Ninyi wenye akili mnajua shemeji wa namna yangu alikuwa anawaza nini juu ya ardhi ile.

Tarehe 22 Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, alipeleka chai uwanjani ambako watumishi wa wilaya walikuwa wakijiandaa kwa michezo ya Mei Mosi, akakuta timu ya wanawake ya kuvuta kamba ina watu saba badala ya wanane, na kocha wao, mwalimu Vedastus, akamwomba ashike tu mkia wa kamba ili hesabu itimie. Akashika akiwa na kanga yake na yeboyebo miguuni. Filimbi ikalia, wakaburuzwa, yeye akiwa wa mwisho aliburuzwa kwa tumbo mpaka mstarini, magoti yakachubuka, uwanja mzima ukacheka, na nahodha wao Mwanajuma, mhudumu wa zahanati, ameniambia kwamba alijua mama yule hatarudi tena. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika, safari hii amevaa raba za Daniel alizozijaza vitambaa mbele, na hakuja na chai.

Kwenye mchezo huo, mtu wa mwisho hujizungushia kamba mwilini, akalala nyuma kwa uzito wake wote na kuchimbia visigino, na wenzake humwita nanga, kwa sababu nanga akisogezwa mbele timu nzima imesogezwa. Hiyo ndiyo nafasi aliyoitaka. Alinunua kamba ya katani kule Kwa Sadala, akaifunga fundo kila baada ya hatua moja ili ajue mikono ishike wapi, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini aliifunga kwenye mgrevilea ulio mpakani mwa sehemu yake na yangu, akalala nyuma, akahesabu moja mpaka mia tatu. Beatha anasema ni siku hizo mama yake alipoanza kula ameketi mezani, akaanza kuimba akiosha vyombo, na siku moja mwenyekiti wa kitongoji alipomwita wewe mama chasaka, alimjibu taratibu tu kwamba jina lake ni Dainess, na kwamba si refu.

Sasa mimi, Filemon, nikiwa nimesimama kwangu na mswaki mdomoni, nikamwona mjane wa kaka yangu, alfajiri, ana kamba yenye mafundo, ameifunga kwenye mti wa mpaka, anarudi nyuma huku midomo inahesabu. Ningefikiri nini? Nilifikiri anapima kihamba. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba ana mnunuzi mjini na anapima hatua apate kuuza ardhi ya baba yetu. Mke wangu Epifania aliniambia kwamba ni mchezo, kwamba Dainess anavuta kamba na wenzake, nami nikacheka mpaka nikapaliwa, nikamuuliza mama wa miaka arobaini na kitu avute kamba, na nani, na ya nini. Nikatia pamba masikioni. Nikaitisha kikao, nikasema chasaka anauza kihamba, na kikao kikaniamini, maana nilisema kile ambacho kila mmoja alikuwa tayari kukisikia. Tarehe 1 Mei 2014, wakati sisi tunamjadili, yeye alikuwa uwanjani mjini Moshi akivutana na timu ya kutoka Himo, wanawake walioshiba, wakakaa dakika nne kamba haiendi mbele wala nyuma, na mwisho Himo wakavutwa wakaja, na Mwanajuma anasema Dainess hakusogea mbele hata unyayo mmoja.

Jumamosi tarehe 5 Julai 2014, saa mbili asubuhi, nilikwenda mpakani na vijana wawili wenye majembe, tukaanza kung'oa masale, mimea ya mpaka iliyopandwa na baba yangu, ili mpaka usogee hatua kumi na mbili upande wake, nyumba yake ibaki na ua wa mbele tu. Kung'oa isale la mpaka ni laana, wazee mnajua, na mimi nilijua. Tulikuwa tumeshang'oa matano alipotoka ndani. Hakupiga kelele, hakulia, hakuita majirani, ingawa walishajaa njiani wakitazama. Alijizungushia ile kamba mwilini, akasimama pale lilipokuwa isale la tano, akachimbia visigino, akanirushia ncha ya pili miguuni, akasema kwamba miaka yote tumekuwa tukimsukuma kwa maneno, basi leo nimvute kwa mikono, nikimtoa pale atafunga mizigo yake aende Singida, na nisipomtoa nirudishe masale.

Nilikuwa na miaka hamsini, nabeba gunia la mahindi bila kusaidiwa, na watu wanatazama. Nikaiokota kamba. Ndugu zangu, nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikavuta kwa hasira, nikavuta kwa ubavu, na yule mwanamke alilala nyuma macho yakiwa juu kwenye migomba, midomo inahesabu, na nilipokuwa navuta kwa fujo yeye alitulia, na nilipopumua yeye akachukua unyayo mmoja, kisha mwingine. Vijana wangu waliweka majembe chini. Alikuwa amefika mia moja na themanini, nilimsikia, wakati katani ilipoichana ngozi ya kiganja changu, na mimi nikaiachia kamba ghafla, naye akaanguka chali kwenye majani makavu, kishindo, nami nikadhani nimemuua. Kisha akacheka. Miaka ishirini na mbili nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni. Kovu lile hili hapa, mlio karibu mnaliona.

Masale yalirudishwa siku ileile, lakini mimi sikumwomba radhi, nikakaa miaka kumi bila kumsalimia, mtu na jirani yake, mgrevilea katikati. Yeye aliendelea na maisha yake, akasafiri na timu mpaka Dodoma na Mwanza bila kumwomba mtu ruhusa, akaleta vikombe viwili, akawafundisha wapishi wenzake, akazeeka akiwa nanga mpaka Mei Mosi ya mwaka 2023, akiwa na miaka hamsini na minne.

Mwezi Machi 2024 chakula kilianza kukwama, na tarehe 9 Aprili madaktari wa hospitali ya rufaa mjini Moshi waliwaambia wanawe ni saratani ya koo. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kitandani mwezi Oktoba. Tarehe 21 Desemba 2024 nilichuma jani la isale pale pale mpakani, nikavuka, nikampelekea, na kwa wageni naeleza kwamba kwetu anayepelekewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa nini nimechelewa hivyo, kisha akaniomba hayo mawili. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Beatha akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi waliompigania, majirani mliopokezana kumkesha na kumpikia uji mwepesi, uongozi wa shule na wapishi wenzake walioshusha bendera ya jikoni kwao, ambayo ni aproni, mchungaji na kwaya, na timu ya kamba, ambayo haikukosa hata Jumapili moja kuja kumwona.

Sasa lile la pili. Dainess aliomba jeneza lake literemshwe na timu yake, kwa kamba yake ile ya mafundo. Jana kikao kilisema kwamba katika familia ya mzee Godlove jeneza hushushwa na wana wa ukoo, siyo wanawake, tena siyo kwa kamba ya michezo. Naona umesimama, Mzee Athanas. Shikamoo, mzee wangu. Uliniuliza jana ni nani wa ukoo wetu atakayekuwa kwenye kamba hiyo, nami niliogopa kusema jibu alilonipa Dainess mwenyewe. Timu hiyo ni ya watu wanane. Wamebaki saba, maana wa nane ndiye tunayemzika, na alisema nafasi yake ya mwisho niishike mimi, kwa sababu mimi najua jinsi kamba hiyo inavyounguza. Basi mwana wa ukoo ni mimi, na hapa nilipo nimechimbia visigino, mzee, sisogei.

Asante, mzee. Asante kwa kukaa.

Mwanajuma, sogeeni. Mwalimu Vedastus ameikata kamba vipande viwili asubuhi hii, haitavuta tena. Leo hatuvuti, tunaachia, na tutaiachia fundo kwa fundo. Shemeji yangu, ile siku niliiachia ghafla ukaanguka. Leo nitaiachia polepole. Masale yapo yote, nimeyahesabu asubuhi. Pumzika kwa amani, Dainess.