Mlango wa Lori la Kwaya

Bwana asifiwe, watu wa Embu! Asifiwe na hao waliosimama dirishani pia! Mimi ni Mama Kendi, muuza ndizi wa soko la Nkubu. Lile lori la kijani mlilolizunguka asubuhi mkilishangaa ni letu. Nimeambiwa niongee kidogo, na mimi kuongea kidogo sijui, kwa hivyo mnivumilie.

Ndugu zangu, lori lile lilikuwa la marehemu mume wangu, Mutwiri. Siku za kazi lilibeba viazi kutoka Ruiri. Jumapili alilifagia, akapanga mabenchi nyuma, akatubeba kwaya nzima. Wazee wa hapa mnakumbuka! Tulikuwa tukija Embu tukiimba tangu Nkubu, na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Mutwiri mwenyewe hakujua kuimba, sauti yake ilitisha mbuzi. Lakini alitoa mkono nje ya dirisha, akatupigia mdundo kwa kiganja mlangoni, tu, tu, tu, mkono mwingine ukiwa kwenye usukani. Ah, siku zile! Natamani hata ile harufu ya magunia iliyoshika nguo zetu za kwaya.

Kisha akaugua, akatutoka. Tangu tulipomzika, sauti yangu ikakataa. Kuongea niliongea, ndizi niliuza, lakini wimbo ukifika kooni unakwama. Nilisimama na wenzangu nikifungua na kufunga mdomo bure, mwishowe nikaacha kwaya. Nilifunga na kusali, nikaombewa. Kimya! Nilimkasirikia Mungu, wacha niseme ukweli. Nilimwambia, umemchukua mume wangu, na sauti yangu uliitakia nini?

Lori nalo likakaa nyuma ya nyumba. Kutu ikalila. Tawi la mparachichi likaanguka, likabonyeza mlango wa dereva. Kuku wakataga ndani. Ndipo Gitonga, ndugu ya Mutwiri, akaniambia, "Shemeji, hii lori imekufa. Wacha niite watu wa skrapu wanunue vyuma."

Nikawaza watu wasionijua wakikata mlango ule kwa moto wa gesi. Nikasema hapana! Gitonga akauliza ni nani ataitengeneza, nami nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Ni mimi." Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ana moyo mzuri, alinipeleka Makutano kwa fundi Murithi, rafiki wa Mutwiri wa siku nyingi. "Huyu anataka kuwa fundi wa bodi," akamwambia. "Mimi sisemi kitu. Ongeeni nyinyi."

Murithi akawa anakuja kwangu kila Jumamosi. Alinifundisha kukwangua kutu kwa msasa mpaka bati lenyewe ling'ae. Palipoliwa na kutu alikata, akachomelea bati jipya, nami nikalainisha. Injini alimwita mwenzake akaifufua. Kucha zilikwisha. Sokoni walinicheka kwa mikono yangu, nikawajibu kwamba ndizi hazijali.

Tukafika kwenye mlango wa dereva. Murithi alisukuma lile bonyeo kutoka ndani, akaniachia kunyoosha: mkono mmoja unashikilia chuma kizito nyuma ya bati, mwingine unapiga nyundo mbele. Ndugu zangu, mimi ni mwanamke wa Meru. Nikipewa kitu cha kuponda, naponda! Nilishusha nyundo kwa nguvu zangu zote, na bati, badala ya kunyooka, likavimba.

"Mama Kendi!" Murithi akapiga kelele. "Hiyo si viazi vya mukimo! Ukitwanga hivyo bati inatanuka, hairudi tena. Gonga polepole, kwa mwendo mmoja."

Nikapunguza mkono. Tu. Tu, tu. Nikajaribu tena, tu, tu, tu, na hapo nikaganda. Nilikuwa naujua mdundo ule! Mlango ni ule ule, na nyundo yangu ilikuwa pale pale kiganja cha Mutwiri kilipozoea kutua. Niliogopa kuendelea, nikaogopa na kuacha. Nikagonga tena, na wimbo ukatoka. Haukukwama! Ulitoka ukikwaruza, una kutu kuliko lori, lakini ulitoka! Nililia nikiimba, nikaimba nikigonga, na Murithi akavua kofia, akaniitikia kwa besi. Kuku wote walikimbia. Haleluya!

Mungu hakunirudishia Mutwiri. Bado namkosa sana. Hata asubuhi hii, tulipotoka Nkubu na mlango ule uko kimya, nilifuta machozi. Lakini niliimba mpaka hapa. Asante Yesu! Wewe uliyenyamaza kama mimi, usichoke kumtumaini, na usimchagulie mahali pa kukujibu. Mimi nilimngoja kanisani, akanipata nyuma ya nyumba, katikati ya kuku.

Mkitoka, tazameni mlango wa dereva. Una uvimbe mdogo. Murithi alitaka kuuficha kwa kupaka puti juu, nikamkataza. Hapo ndipo nilipotwanga mukimo, na nikipita naupapasa.

Sasa kwaya, simameni, naanzisha. Gitonga, dereva wetu, naona umekaa karibu na mlango wa kanisa. Toa mkono, shemeji. Tupigie mdundo.