Jiwe Tupu la Kikosi cha Sabini

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio, na aliye na kahawa jikoni aje nayo. Jioni hii tunamkumbuka Alvah Crandall, mkulima wa mahindi, aliyefariki Jumanne nyumbani kwake hapa Pruett Bend, Iowa. Alikuwa askari wa Kikosi cha Sabini cha watu wa kujitolea, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya hapa Marekani. Narudia: Alvah Crandall, Kikosi cha Sabini.

Kikosi hicho kilikuwa cha vijana wa hapa hapa. Hakuna aliyelazimishwa. Alvah alisema alijiandikisha kwa sababu asubuhi ile alikuwa amevunja jembe jipya la baba yake, na vita vikaonekana salama zaidi kuliko kurudi nyumbani. Kanali wao alikuwa mng'oa meno. Amri za gwaride alizisoma kitabuni akiwa juu ya farasi, na siku moja akageuza kurasa mbili kwa pamoja, akairuka amri ya kusimama. Kikosi kizima kikaingia kwenye kinamasi.

Kuharisha kuliua wengi kuliko risasi. Alvah aliyasema hayo hata kwenye karamu za harusi, huku binti yake, Lovina, akimkanyaga mguu chini ya meza.

Pambano lao kubwa lilikuwa moja tu, kwenye kijito cha Sorrel, kule Arkansas. Miaka mingi baadaye mji wetu ulisimamisha jiwe la kumbukumbu mbele ya mahakama. Chama cha wapiganaji wa zamani kilipewa kazi ya kuchagua maneno. Mnalijua jiwe hilo. Mmelipita mara ngapi, likiwa tupu kama sahani iliyooshwa?

Lilikuwa tupu kwa sababu hawakuelewana. Wakaendelea kutoelewana, wakizikwa mmoja mmoja, mpaka chama kikabaki na wanachama wawili: Alvah Crandall na Burdett Loomis, fundi viatu wetu. Kila mwaka walikutana katika ukumbi wa kanisa. Burdett mwenyekiti, Alvah katibu. Walifungua kikao kwa sala, wakapiga kura, kura zikafungana, wakala pai ya tufaha.

Nilihudhuria kikao kimoja. Burdett alisimama akasema, "Napendekeza tuandike: Hawakurudi nyuma."

"Ndugu mwenyekiti," Alvah akajibu, "tulikimbia."

"Tulihamia mahali pazuri zaidi."

"Burdett, tulikimbia. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Kila nikigeuka, nawaona nyote mnakuja."

"Kaa chini, Alvah."

"Nimekaa tayari. Siku hizi hata nikisimama kimo changu ni hiki hiki."

Nilicheka, wasikilizaji wapendwa. Kisha nikaona Burdett hacheki. Ndugu yake mdogo, Enos, alifia pale Sorrel.

"Hutaandika kwenye jiwe kwamba ndugu yangu alikimbia," alisema.

Alvah akaweka kalamu chini. "Alikimbia, Burdett. Tulikuwa bega kwa bega. Tulifika kwenye shamba la mahindi, tukawasikia majeruhi wetu wanaita huko nyuma. Kanali hakutoa amri yoyote. Enos ndiye aliyegeuka wa kwanza kuwarudia. Sisi tulimfuata kwa aibu tu. Sasa ukiandika kwamba hatukukimbia, yeye alirudi kutoka wapi?"

Burdett akaitisha kura. Kura zikafungana tena. Wakala pai.

Jumatano, siku moja baada ya kifo cha Alvah, Burdett Loomis aliitisha kikao. Alikuwa peke yake. Lovina alikwenda kumpelekea kahawa, akamkuta amesimama mbele ya viti vitupu, kavaa koti lake la kijeshi lisilofungika tena vifungo.

Lovina ananiambia: "Nilimwambia, mzee wangu, sasa umeshinda, hakuna wa kukupinga. Akaniambia, 'Ndiyo maana haina raha, binti yangu.' Kisha akainua mkono, akapiga kura ya baba."

Mchonga mawe alianza kazi jana. Nimepita pale asubuhi ya leo. Juu kuna jina la kikosi, na chini yake maneno matatu: Walikimbia. Kisha wakarudi.

Kwa Lovina Crandall na watoto wake, kituo hiki kinawapa pole za dhati. Kwako pia, Bwana Burdett, najua unasikiliza. Pole kwa kufiwa na mpinzani wako.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda usiku huu yupo mtu mliyemkimbia, na bado anaita. Mfikirieni. Mazishi ni kesho, baada ya ibada ya asubuhi. Burdett ameomba niwatangazie kwamba ukumbini kutakuwa na pai, na kwamba kiti cha katibu kisikaliwe na mtu.