Notisi Aliyoinakili Mwikali

Mgeni rasmi, Bwana Kenga, Afisa Mkuu wa Wafanyakazi. Mwalimu wetu Purity. Majirani na wenzetu wa Kibokoni: pokeeni salamu zetu za heshima. Sisi wanafunzi wa darasa la jioni la watu wazima tunakukaribisha Mji wa Kale. Ngazi zetu ni za mwinuko, nawe umezipanda na viatu vya ofisini. Keti, upumue. Sisi pia leo tunapumua, na risala hii itakueleza kwa nini.

HISTORIA YETU

Tulianza mwaka wa 1994 tukiwa saba. Leo, miaka miwili baadaye, tuko thelathini na mmoja: makuli, wafagiaji, mama wawili wa mahamri na fundi cherehani mmoja. Watoto wetu hutuita ngumbaru, kwa kujifunza kusoma ukubwani, nasi tumezoea. Tunakutana saa kumi na moja jioni, na mtu akicheleweshwa na meli au na mtoto, mwalimu hamfokei.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tungeweza kukusomea orodha ndefu. Tumechagua fanikio moja tu, nalo ni la mwenzetu Mwikali, ambaye amefagia godauni za kampuni yako huko Kilindini kwa miaka mitano akiwa kibarua.

Mwezi wa Juni mwalimu alitufundisha neno la Kiingereza "notice", ambalo mitaani tunaliita notisi, akamtaka kila mtu alitumie katika sentensi. Dzoro, kuli asiyeweza kukaa bila mzaha, alisimama akasoma, "Mke wangu amenipa notisi nisikorome." Tulicheka sana. Mwikali hakucheka. Sentensi yake ilikuwa fupi: "Notisi ni mbaya."

"Mbaya kwa nani, dada?" mwalimu akamwuliza kwa upole.

"Kwa aliyeandikiwa."

Mwalimu akasema notisi haiwi mbaya wala nzuri mpaka tujue nani anatangaza, anamtangazia nani, anatangaza nini, na mwisho wake lini. "Tafuta ya kweli, Mwikali. Inakili, utuletee tuisome."

Ya kweli alikuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha. Ilikuwa ya Kiingereza, imebandikwa nje ya ofisi ya karani kwa wiki mbili. Hakuna mfagiaji aliyeweza kuisoma, lakini wote walijua inasema nini, maana mwaka huu watu wanapunguzwa kazi kila upande. Wakaamua kumkwepa karani. Mtu asiyepewa barua mkononi hajafukuzwa, ndivyo walivyoambiana. Wakawa wanazungukia nyuma ya godauni, kwenye matope yenye mafuta, ili wasipite mlangoni pake. Mwikali alikwisha kuanza kuwaza atarudije Kitui na watoto watatu walio shuleni.

Jumatatu, karani alipokwenda kunywa chai, Mwikali alisogea ubaoni na ufagio wake. Maneno hakuyaelewa, ila herufi alizijua. Akachora mistari miwili nyuma ya pakiti ya majani ya chai. Jumanne akachora mitatu. Jumatano karani alirudi mapema.

"We mama, unafagia ukuta?"

"Kuna utando wa buibui, bwana."

"Haya, utoe wote basi," akasema, akaingia ndani.

Mstari wa mwisho alikwisha kuupata.

Jioni ile aliyaandika yote kwenye ubao wa darasa, akarudi kuketi pembeni, macho chini. Tukasoma pamoja, neno kwa neno. Nani anatangaza? Kampuni. Anamtangazia nani? Wafagiaji wa kibarua waliotimiza miaka mitatu. Anatangaza nini? Hapo mwalimu akaurudia mstari kwa kidole.

"Sema tu, mwalimu," Mwikali akasema. "Nimeshajiandaa."

"Mnaandikwa kazi ya kudumu. Mpeleke kitambulisho na picha mbili."

Mbodze, mfagiaji mwenzake, alipiga yowe hadi majirani wakachungulia.

"Na mwisho lini?" Dzoro akauliza, safari hii bila mzaha.

Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Asiyefika angehesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe.

Alhamisi Mwikali alipita nyumba kwa nyumba kuwakusanya wenzake, akawapeleka studio hapa mtaani. Mpiga picha akaahidi kuzitoa Ijumaa saa nne. Blauzi ya kupigia picha ilikuwa moja tu, ya Mbodze, basi ikavuliwa na kuvaliwa mpaka wote wakaisha. Karani alipozipanga picha mezani, saa tano na robo, aliinua macho.

"Kwani nyinyi ni watoto wa mama mmoja?"

"Wa blauzi moja, bwana," Mbodze akamjibu.

Wakaandikwa wote waliofika. Barua za kazi zilipotoka, Mwikali hakumpa mtu barua yake amsomee. Aliketi kwenye kivuli cha kontena, akaisoma mwenyewe polepole, akitafuta tarehe ya mwisho. Akaitafuta tena. Alipoona haipo, ndipo alipolia.

MATATIZO YETU

Taa mbili za darasa haziwaki, na chaki moja tunaikata vipande vitatu. Hayo tunaweza kuyavumilia. Linalotuuma ni la Mbeyu, aliyefagia godauni hizo hizo kwa miaka sita. Yeye aliiogopa karatasi ile kuliko wote. Wiki moja kabla hatujaisoma, alifunga mizigo akarudi kwao Kaloleni, kuliko kungoja afukuzwe mbele za watu. Ujumbe wa Mwikali ulimfikia Jumamosi.

Hatumlaumu mtu. Notisi ilikuwa na sahihi yako, mgeni rasmi, iliandikwa kwa nia njema na kubandikwa mahali pa wazi. Ila iliwatia hofu wale wale iliokusudia kuwafurahisha.

MAOMBI

Tunaomba notisi ziandikwe kwa Kiswahili pia, na karani azisome kwa sauti saa ya chai. Kama sauti yake ni ndogo, Dzoro anajitolea bure.

Ombi la pili tuliliingiza asubuhi ya leo. Tuliogopa lisije likakuudhi, lakini Mwikali alisema lisipoandikwa, yeye haketi meza ya mbele. Mbeyu yupo hapa, benchi la nyuma, mwenye leso ya manjano. Anadhani tumemwalika kusikiliza tu. Kitambulisho anacho. Tunakuomba, kabla chai haijamiminwa, umwite kwa jina lake.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, aibariki nyumba yako, na kila karatasi utakayoitia sahihi iwe ya heri kwa atakayeisoma.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Jioni la Watu Wazima,
Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa.